Robo ya Verlyn Tollefsrud

Sogeeni, enyi wa mbali na wa karibu, mliopata viti na mliokalia ndoo. Mwenye sufuria jikoni na aiepue, mwenye mtoto mchanga na amnyonyeshe mapema, kwa maana habari hii haifai kukatizwa. Nitanena ya mizani na begi. Nitanena ya Verlyn Tollefsrud, fahali wa mji wa Brekke, mwuza mbegu za mahindi asiyetetereka, mpanda ngazi asiyehesabika jasho, ambaye Jumamosi ya kwanza ya Septemba alipambana na ratili nne na nusu, akazishinda kabla chakula cha jioni hakijapoa. Ewe ulimi wangu, usiniangushe. Nawe koo, usikauke. Na anayetaka kucheka asubiri kidogo, kwa kuwa mwenyewe aliyekuwa vitani hakucheka hata chembe.

Yafaa ijulikane kwanza kwamba elki ni mnyama wa ukoo wa kulungu, mkubwa kama ng'ombe, mwenye pembe pana kuliko mlango wa jikoni, na kwamba haishi Brekke. Brekke, kaskazini mwa jimbo la Iowa huko Marekani, kuna mahindi, soya, nguruwe na upepo. Elki hukaa magharibi, juu milimani, mwendo wa siku nzima na kipande kwa gari, na kibali cha kumwinda dume katika bonde lile walilolitamani hakinunuliwi dukani kama kiberiti. Huombwa kwa kura. Anayekosa hupewa pointi moja ya kumfuta machozi, na mwaka unaofuata huja nayo mkononi kuomba tena.

Verlyn aliomba akakosa. Aliomba tena akakosa, na tena, na tena, miaka tisa mfululizo, hata mkewe Lavonne akawa anamfahamu kwa kishindo cha mlango kwamba matokeo yametoka. Mwaka wa kumi, mwezi wa Juni, jina lake likajitokeza, pamoja na la shemeji yake Rollie Kuchenbecker, na la Mzee Myron Pflug, mwalimu mstaafu wa hesabu, kwa sababu watatu hao waliomba kama kundi moja. Siku hiyo shujaa alilia ghalani kati ya magunia, akawaambia wateja ni vumbi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Pointi zake zote zilikuwa zimetumika. Akiipoteza safari hii, ataanza tena kutoka sifuri, na kura ikimkumbuka atakuwa karibu na sabini, na magoti yake yalikwisha kuanza kutoa maoni.

Basi wakakutana jikoni kwa Rollie kuweka sheria za vita. Na hapo, enyi mlioketi, ndipo shujaa wetu alipojichimbia shimo kwa jembe lake mwenyewe. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akanena kwa sauti ya kuhutubia kanisa:

"Ndugu zangu katika baruti! Nani asiyekumbuka safari ile ya zamani, Rollie alipopanda mlima na kikaango cha chuma na kiti cha kukunja, magoti yakamgomea siku ya pili, nami nikateremka na kikaango chake mgongoni kama kondoo aliyepotea? Isitokee tena! Naleta sheria: begi la kila mtu lisizidi robo ya uzito wa mwili wake. Atakayezidisha hatapanda. Atabaki chini kwenye gari, awe mpishi wa kambi siku zote saba, aoshe na sufuria!"

"Hilo jambo linanilenga mimi," Rollie akasema, mdomo umejaa soseji.

"Halimlengi mtu, shemeji. Linalenga kikaango."

Rollie alipiga kura ya hapana. Wawili walipiga ya ndiyo. Mzee Myron akaiandika sheria ile katika daftari lake la mistari, kwa mwandiko ule ule aliowatesea watoto wa Brekke miaka thelathini na nane.

Sasa tazameni bidii ya shujaa. Brekke haina mlima. Haina hata kilima cha kumkinga mbuzi upepo. Verlyn akauteua uwanja wa mpira wa shule, wenye ngazi thelathini na moja za watazamaji, na kila alfajiri akazipanda na kuzishuka mara arobaini akiwa na mfuko wa chumvi mgongoni, ile chumvi ya kulainishia maji ya bomba, ratili arobaini kamili. Aliachana na bia. Aliachana na mkate wa siagi. Alikula kuku wa kuchemsha na brokoli mpaka akaanza kunuka brokoli yeye mwenyewe. Bafuni alijifunza kupuliza tarumbeta la plastiki la kuigia mlio wa elki dume, na mbwa wa jirani, aliyekuwa na akili timamu, akahamia mtaa wa pili. Mshipi wake ulitobolewa tundu la kwanza kwa msumari, kisha la pili, kisha la tatu.

Na kila Jumapili aliupima mzigo wake. Mwezi Juni mwili wake ulikuwa na ratili mia mbili na nane. Robo yake ni hamsini na mbili. Basi alipakia na kupakua, alipima soksi, alipima kamba, mpaka begi likasimama kwenye ratili hamsini na moja na nusu, akalifunga kwa fahari. Mwili wenyewe hakuupima tena. Alikuwa akiutazama kwenye kioo, na kioo kilimridhisha.

Ikafika Jumamosi ya hukumu. Wakakusanyika bandani kwa Rollie, penye mizani ya kupimia ndama, jukwaa la mbao lenye mkono mrefu wa chuma na kijiwe cha kusogezwa. Ilikuwa saa kumi alasiri. Lavonne alikuwa jikoni kwa kaka yake, akiandaa chakula cha wote. Mzee Myron alipanda kwanza: ratili mia na arobaini na nne, robo thelathini na sita, begi thelathini na tano. Akashuka bila neno, maana hesabu kwake haikuwa jambo la kushangilia.

Akapanda Rollie, aliyejiandaa kwa safari hii kibarazani, kwa soseji na kiti cha bembea. Jukwaa likalia. Ratili mia mbili hamsini na mbili. Robo yake sitini na tatu, na begi lake sitini, kiti cha kukunja kikiwa kimefungwa nje waziwazi, miguu juu.

"Sheria nzuri sana hii," Rollie akasema akishuka. "Naanza kuipenda."

Ndipo Verlyn akapanda, kifua mbele, buti zimefungwa, akatangaza: "Tazameni mwili uliochongwa na ngazi! Tazameni tumbo lililoikimbia nchi! Soma, Mzee Myron, soma kwa sauti, ng'ombe nao wasikie!"

"Mia na themanini na nane."

"Ishirini zimekwenda!" shujaa akanguruma, ndama mmoja akajikojolea.

"Hongera," Mzee Myron akasema, akalamba ncha ya penseli. "Robo yake ni arobaini na saba."

Verlyn alitazama begi lake. Begi nalo, kwa ratili zake hamsini na moja na nusu, likawa kama linamtazama. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mwisho wa vidole, na jibu lilikuwa lile lile.

Rollie alicheka mpaka akashika lango la ndama asianguke. "Shemeji! Yaani umejipunguza mpaka ukajipunguzia! Ungekaa na mimi kibarazani ukala soseji, saa hizi ungekuwa mpanda mlima!"

"Mimi ndiye niliyefanya mazoezi!" Verlyn akalia. "Miezi mitatu! Ngazi, chumvi, brokoli! Wewe hata kupanda kitanda unapumzika katikati!"

"Kweli kabisa. Lakini sheria ni ya nani? Mimi si nilipiga kura ya hapana? Myron, fungua daftari tuone."

Mzee Myron akafungua daftari. Iliandikwa hivyo. Rollie akaingia ndani, akarudi na aproni nyekundu yenye mfuko wa kuwekea mwiko, akaitundika kwenye msumari juu ya mizani ambapo kila mtu angeiona.

"Mimi si mtu mbaya," akasema. "Saa kumi na mbili dada yangu anaweka chakula mezani. Kabla ya hapo mizani iko wazi. Na vitu vya orodha havitoki: hema, godoro la kulalia, jiko, dawa, chakula cha siku saba. Baada ya hapo, shemeji, mayai yangu nayapenda yasiive sana."

Ah, huzuni ya shujaa! Alilikokota begi mpaka uani, akapiga magoti mbele yake, na moyo wake ukamuuma kwelikweli. Aliwaza miaka tisa. Aliwaza bonde lile alilolisoma kwenye ramani mpaka karatasi ikachanika mikunjoni, na ukungu wake wa asubuhi, na dume akilia kutoka ng'ambo, na yeye chini kabisa, mbali, akisugua ukoko wa uji. Akaona haya, akaona hasira, na zaidi ya yote akaogopa, kwa kuwa alijua kwamba safari nyingine huenda isiwepo.

Kisha akafuta pua, akaanza mauaji. Alitoa matarumbeta mawili kati ya matatu, akayaaga kwa majina. Alitoa kisu cha akiba, na kisu cha akiba cha kile kisu cha akiba. Zikatoka ndara za kambini, chupa ya pili ya chai, poda ya miguu, wembe, kitabu kinene cha kutambua nyayo. Likatoka shati safi la kupigia picha na elki, na hilo lilimtoa chozi. Akakimbia mizanini: arobaini na nane na nusu. Saa kumi na moja kasorobo. Ratili moja na nusu zilikuwa zimejikita ndani ya boma, na karibu kila kilichobaki kilikuwa kwenye orodha.

Lavonne alitokea mlango wa jikoni, taulo begani. Alimkuta mumewe amekaa juu ya ndoo.

"Rollie ameniambia," akasema. "Amecheka mpaka amekohoa."

"Niache, Lavonne. Mimi ni mpishi sasa. Kawaite majirani, waje waone mpishi."

"Wewe? Wewe mara ya mwisho ulichemsha yai likapasuka dirishani." Akavuta ndoo nyingine, akaketi. "Nisikilize. Tangu Juni naamka na mlio wa elki bafuni. Nimevumilia. Nimepika brokoli mpaka mapazia yananuka. Nimevumilia. Nimekuona ukipanda zile ngazi mvua inanyesha, mzee mzima, na gunia la chumvi, nikasema moyoni huyu mtu anataka kitu hiki kweli. Halafu leo uniambie unakwenda kumkaangia mayai kaka yangu? Thubutu!"

"Nifanyeje? Begi limekataa kupungua."

"Begi limekataa. Wewe umekataa?"

"Kukataa nini?"

"Kuongezeka, bwana! Robo ya nani? Si robo yako? Kila ratili nne ukizitia tumboni, ratili moja inaruhusiwa begini. Hata mimi niliyepata alama mbovu kwa Myron naliona hilo."

Verlyn akasimama, akanyoosha mkono mbinguni, akasema, "Ewe mwanamke uliye hazina ya—"

"Keti ule, chakula kinapoa."

Akamletea bakuli la kuokea lililokuwa la watu sita: nyama ya kusaga chini, supu nzito ya uyoga katikati, na juu viazi vidogo vya kukaanga vimepangwa safu kama askari. Alikuwa hajaonja chakula cha namna hiyo tangu Juni. Safu ya kwanza ikaanguka kwa uma mmoja. Safu ya pili ikajaribu kupigana, ikazidiwa na njaa ya miezi mitatu. Lakini tumbo lililozoea kuku wa kuchemsha lilikuwa limesinyaa, na kufikia safu ya tano shujaa alianza kutokwa jasho nyusini na kupumua kwa mdomo.

"Siwezi, Lavonne."

"Waweza. Fikiria yale mayai."

Akafikiria mayai. Safu ya sita na ya saba zikaangamia pamoja. Kisha likaja jagi la maziwa, akalinywa. Likafuata jagi la maji, akalinywa kwa vituo, akishika ukuta. Na ndipo mkewe, jemadari asiyevaa nishani, akakumbuka kopo dogo la siagi ya karanga ambalo Verlyn alilificha kwenye mfuko wa pembeni, nje ya orodha, kwa ajili ya utamu wake tu.

"Hilo likitoka begini likaingia tumboni linafanya kazi mara mbili," akasema. "Fungua mdomo."

Historia inaficha uso wake kwa yaliyofuata. Ilimradi kijiko kilikwaruza chini ya kopo.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Verlyn Tollefsrud aliingia bandani akitembea kwa hatua fupi, mikono imeshika tumbo, mkewe nyuma amebeba begi. Rollie alikwisha kunawa kwa ajili ya chakula. Shujaa akapanda jukwaani taratibu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na kijiwe kikasogezwa.

"Mia na tisini na mbili," Mzee Myron akasoma, akainua nyusi kwa mara ya kwanza tangu astaafu. "Robo yake arobaini na nane."

"Huo ni wizi!" Rollie akapaza sauti. "Amekula!"

"Na wewe ulifanya nini kiangazi kizima?" Lavonne akamjibu. "Ulifunga?"

Likawekwa begi. Mkono wa chuma ukapanda, ukagusa juu, ukabaki huko. Mzee Myron akasogeza miwani. "Limezidi. Kidogo sana, lakini limezidi. Sheria haisemi kidogo."

Zilibaki dakika nane, na hapo adui mpya akashambulia kutoka ndani: jagi la maziwa na jagi la maji viliungana, vikaanza kudai njia. Verlyn alivuka miguu. Alifahamu wazi kwamba akikimbilia chooni sasa atarudi ni mpishi.

"Mkasi!" akalia.

Akakata lebo za hema na lebo za godoro. Akakata ncha za mikanda. Akakata pambizo za ramani, nchi nzima za jirani zikaanguka sakafuni. Mkono wa mizani ukashuka kidogo, ukatetemeka, ukapanda tena. Dakika nne. Alipekua mifuko akirukaruka mguu mmoja mmoja, na mkono wake ukakutana na mswaki.

Naam, mswaki, wenye mpini mrefu wa kijani, aliopewa bure na daktari wa meno. Verlyn aliunyanyua juu ya kichwa chake, akausemesha kwa meno yaliyokazana:

"Ewe mlinzi wa kinywa changu, umenitumikia asubuhi na jioni, nami leo nakudai nusu ya mwili wako. Si kwa chuki. Rollie, lete msumeno wa chuma!"

"Mimi nikuletee?"

"Lete, shemeji, au nitakojoa hapa hapa kwenye mizani yako!"

Rollie akauleta mbio. Msumeno ukapanda, ukashuka, vumbi la kijani likaruka, na mpini ukaanguka chini ukadunda mara mbili. Kilichobaki kilikuwa nywele na kipande cha kushikwa kwa vidole viwili. Lavonne akakitia begini, akaufunga mfuko.

Mkono wa chuma ukatetemeka. Ukashuka. Ukasimama katikati, unaelea, haugusi juu wala chini.

"Arobaini na nane," akasema Mzee Myron. "Kamili."

"Andika!" Verlyn akapiga ukelele.

"Naandika." Mzee Myron akakaa juu ya ndoo, akafungua daftari, akalamba penseli. Alianza na tarehe. Akaandika Verlyn, herufi baada ya herufi, kila moja na mkia wake. Kisha akaanza jina la ukoo, nalo, kwa bahati mbaya ya babu zake wa Norwe, lina herufi kumi.

"Tafadhali, mwalimu," shujaa akanong'ona, magoti yamebanana, machozi yanamlenga.

"Haraka haraka haina baraka, Tollefsrud. Nilikwambia hivyo darasa la tano." Akaweka nukta. Akapuliza vumbi la penseli. "Sahihi yako hapa."

Verlyn akatia sahihi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaruka kutoka mizanini, akaupita ua kwa kasi ambayo Brekke haijaiona tangu ghala la nafaka lilipoungua. Mlango wa choo ukabamizwa. Kisha, kutoka ndani, ikasikika sauti ndefu ya raha, ikageuka kicheko, na kicheko kikageuka mlio wa elki dume, bila tarumbeta, wa kweli kabisa, na banda zima la ndama likaitikia.

Rollie aliishusha aproni kutoka msumarini, akaikunja, akakaa nayo mapajani. Alilitazama begi lake la ratili sitini, akaitazama njia aliyopita Verlyn kwa mbio, akaanza kukifungua kutoka begini kile kiti cha kukunja, kamba moja moja.

"Atanisubiri huko juu?" akamuuliza dada yake.

"Sijui. Muombe vizuri."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo iandikwe katika mawe ya nchi hiyo, kama nchi hiyo ingekuwa na mawe. Wafalme wameteka miji kwa majeshi. Verlyn wa Brekke aliuteka mlima kwa bakuli la viazi na nusu mswaki. Watakaosema kwamba alipotoka chooni alikuwa amerudi kuwa mwepesi, na kwamba kwa haki begi lilikuwa limemzidi tena, na waseme watakavyo. Mwenye mwili huenda msalani, lakini kilichoandikwa na Mzee Myron hakiendi popote.